Kisicho cha Kiwandani

Kilichonipeleka kwenye rafu ya Karani siku ile ni kifungo. Kifungo kimoja tu, mduara uliovikwa ngozi, cha kiti cha nyuma.

Mimi nashona viti vya magari. Kwenye gereji zote za mtaa ule wananiita Sindano, na wanaosema ni kwa sababu ya kazi yangu ni waungwana. Wengine wanasema ni kwa sababu ya mdomo. Asubuhi ile nilikuwa namalizia kiti cha gari la marehemu baba. Kiwanda kilikishona kwa mifereji kumi na minne na vifungo ishirini na kimoja, nami nilikuwa na vifungo ishirini. Kesho yake mkaguzi wa chama cha magari ya kale alikuwa anakuja na daftari lake, na kwa sifa nilizozisikia, yule bwana angehesabu vifungo kabla ya kusalimia watu.

"Angalia kwenye maboksi," Karani alikuwa ameniambia kabla ya kutoka kwenda kuchukua vifuniko vya magurudumu vilivyokuwa vinang'arishwa. "Kama kilidondoka tulipofungua kiti, kipo. Kwangu hakipotei kitu."

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Karani ni fundi wa injini, lakini jina hilo hakupewa bure. Kila anachokitoa kwenye gari la mtu, hata skrubu ndogo kama punje ya mtama, anakitia kwenye kifuko cha nailoni, anakifunga lebo, na kwenye lebo anaandika mistari minne: ni kitu gani, kimetoka wapi, tarehe, na hali yake. Kalamu inakaa juu ya sikio lake la kulia kutwa nzima, na akiikosa anapapasa mpaka shingoni kama mtu aliyeumwa na sisimizi. Mafundi wenzake walimtania kwamba siku akioa atamfunga mkewe lebo. Nami nilicheka nao, maana mke mwenyewe alikuwa ni mimi. Pete ilikuwa kidoleni miezi minne sasa, na Jumamosi wazee wake walikuwa wanakuja nyumbani kumalizia mazungumzo.

Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa natafuta sababu. Nilipenda alivyokuwa ananawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kugusa vitambaa vyangu. Nilipenda alivyoniangalia kupitia dirisha la gari wakati mimi niko ndani na sindano na yeye yuko nje na spana, akijitia anakagua bawaba za mlango.

Gari lenyewe baba alilinunua jipya kabla sijazaliwa, rangi ya maziwa. Baadaye akaligeuza kijani, akatia redio, akatia mazulia ya nyumbani, na nilipoanza kukaa peke yangu nyuma, akafunga kioo kidogo cha pili chini ya kile cha dereva. Kile kilikuwa cha kuniangalia mimi. "Nakuona," alikuwa akisema nikifungua mlo wa shule kabla ya wakati, nami namtolea ulimi.

Kisha nikakua, nikamleta nyumbani kijana niliyempenda, Mwalimu.

Baba alimfukuza sebuleni kwetu, chai ikiwa bado haijapoa. Sababu zake hazikuwa na kichwa wala miguu: mara kijana hana kwao kunakoeleweka, mara watu wa chaki wana maneno mengi. Nilijibizana na baba kwa namna ambayo binti hajibizani na baba yake, nikafunga mizigo, nikahamia mji wa jirani. Mwalimu naye akasema hawezi kuoa binti wa mtu kwa kumwiba, tusubiri mzee alainike. Tukasubiri. Miezi kumi na moja sikusema na baba hata neno moja.

Jumapili moja asubuhi moyo wake ukasimama. Alikutwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, amevaa shati la kutokea, viatu vimepigwa rangi, funguo za gari mkononi. Mpaka tunamzika, hakuna aliyejua alikuwa anakwenda wapi.

Baada ya msiba nilimwambia Mwalimu aendelee na maisha yake. Ningeolewaje na mtu ambaye baba alikufa akimkataa? Alisubiri tena, mwaka na zaidi, kisha akachoka. Akiwa bado anasubiri, mimi nikalivuta gari mpaka gereji kwa Karani, nikamwambia nataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila msumari, kila uzi. Nilikuwa naomba radhi. Baba hakuwepo wa kuambiwa, basi nikamwomba kwa vyuma na ngozi.

Karani alikubali siku ile ile. "Ila kazi hii haitaki uongo," alisema. "Kisicho cha kiwandani kinatoka, hata kama unakipenda."

Ndiyo maana kulikuwa na maboksi mawili kwenye rafu. Moja limeandikwa YA KIWANDANI, la pili SI YA KIWANDANI. Nilipekua la kwanza lote, kifungo sikukiona. Nikashusha la pili.

Juu kulikuwa na redio. Chini yake kile kioo kidogo, na lebo yake. Niliikumbuka siku Karani alipokifungua, miezi kumi nyuma. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye sakafu ya gereji, na yeye akakaa pembeni yangu na ovaroli lake la grisi. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu: kwamba baba alikufa hajanisamehe. Akanishika mkono. "Alikusamehe," akasema. "Mimi najua." Nadhani ni dakika ile ndipo nilipoanza kumpenda.

Chini ya kioo kulikuwa na kifuko bapa. Ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Lebo ilisema:

*Barua moja. Ndani ya kitambaa cha kibao cha kukingia jua, upande wa abiria.* Kisha tarehe. Kisha mstari wa nne: *Hali: nzima. Imesomwa.*

Tarehe ilikuwa siku mbili kabla ya ile ya kioo.

Mwandiko wa baba niliujua kabla sijaikunjua. Herufi zake zilikuwa zinalala kushoto kama zinapigwa na upepo.

*Mwanangu,*

*Naandika kwa sababu nikikaa mbele yako nitaanza kufoka, unanijua. Juzi gari lilinizimikia karibu na shule. Yule kijana wako akatoka darasani, akavua koti, akalisukuma peke yake mpaka likawaka. Hakunikumbusha lolote. Aliniambia tu, safari njema, mzee. Mpaka leo nina aibu. Mwambie alete wazee wake, nitawapokea vizuri. Na wewe rudi nyumbani, hata kama ni kuja kunigombeza. Jumapili nitakuletea barua hii kwa mkono wangu. Nitasubiri garini mpaka umalize kuisoma. Kile kioo chako bado kipo.*

*Baba yako.*

Niliisoma mara tatu. Kumbe alikuwa anakuja kwangu. Shati, viatu, funguo, vyote vilikuwa vya kuja kwangu. Furaha ilinipanda kifuani, furaha ya kweli kabisa, na kabla haijafika kooni ikakutana na ile tarehe kwenye lebo.

Miezi kumi.

Nilimsikia Karani anaingia, anapiga mluzi. Alikuwa amekumbatia vifuniko vinne vya magurudumu, vinang'aa mpaka vinaumiza macho.

"Sindano! Njoo ujione!" alisema, akaninyooshea kimoja. "Huna haja ya kioo tena nyumbani. Kifungo umekipata?"

"Karani, nikuulize swali la kazi."

"Uliza, bosi wangu."

"Kitu kikitoka kwenye gari la mteja, ni cha nani?"

"Swali gani hilo? Cha mteja."

"Hata kama si cha kiwandani?"

Alikuwa bado anatabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye boksi, yakapanda kwenye mkono wangu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale mdomoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Akaviweka vifuniko chini taratibu, kimoja kimoja.

"Nilitaka kukupa," alisema.

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati."

"Miezi kumi, Karani. Wakati gani huo ulikuwa unautafuta? Ulikuwa umepotelea wapi?"

"Niruhusu niongee."

"Ongea. Nani kakuzuia?"

Akapangusa mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa na grisi. "Siku niliyoiona nilijua ni ya kwako. Nikaifungua nijue kama ni jambo la haraka. Nikaisoma. Wallahi nilisema, kesho nakupa. Kesho yake ulikuja na ile chupa ya chai, umejifunga kitambaa kichwani, ukakaa hapo ukaniuliza kama nimekula. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa miaka. Nikasema, nikimpa leo, kesho yuko kwa Mwalimu."

"Na keshokutwa yake nikalia hapa hapa."

Macho yake yakashuka sakafuni.

"Nililia hapa, kwenye sakafu hii. Nikakwambia baba kafa na kinyongo na mimi. Ukanishika mkono huu. Unakumbuka ulisemaje?"

"Nakumbuka."

"Sema, nisikie."

"Sindano, tafadhali..."

"Sema!"

"Nilisema alikusamehe." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilisema najua."

"Na kweli ulikuwa unajua! Mimi nikadhani ni maneno ya kunifariji. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama, yule fundi ana utu. Kumbe msamaha wa baba yangu uko hatua tano kutoka nilipokaa, umefungwa kwenye nailoni! Umenitazama nikienda makaburini kila mwezi kuomba kitu ambacho wewe umekitia kwenye boksi!"

Alisogea hatua moja. Nilimwona anataka kunishika, na kibaya zaidi, mwili wangu ulitaka kushikwa. Miezi kumi ya mazoea haifi kwa dakika kumi. Nikaweka meza ya kushonea katikati yetu.

"Nilikuwa nakupenda," alisema. "Bado nakupenda. Unajua."

"Swali lingine. Mwalimu alioa lini?"

Akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuletea habari za harusi yake. Nilikaa kwenye kiti hicho, ukaniuliza kama imeniuma, nikasema imeniuma kidogo. Baada ya wiki moja ukanivika pete. Nikajiambia, tazama mwanaume mwenye subira, ameniacha nipumue. Kumbe ulikuwa unangoja mlango ufungwe."

"Ungerudi kwake," alisema, na mara hii aliniangalia usoni. "Kuwa mkweli. Ningekupa barua ile, usingerudi?"

"Sijui."

"Unaona!"

"Sijui, Karani! Labda ningerudi. Labda ningeisoma, nikalia, nikaikunja, nikakuuliza kama umekula. Nilikuwa nimeshaanza kukupenda, mjinga wewe. Lakini hilo lilikuwa langu la kuamua. Wewe umeniamulia, halafu ukanipangusa machozi kwa mkono ule ule."

Nje mtu alikuwa anapiga bati kwa nyundo, anapumzika, anapiga tena.

"Kwa nini hukuichoma?" nilimuuliza. Nilitaka kujua kweli. "Ungeichoma nisingejua mpaka naingia kaburini."

Akaonekana kushangaa, kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakuua mtu. "Sijawahi kutupa kitu cha gari la mtu," alisema.

Nilicheka. Kicheko kibaya, kilichotokea puani, na machozi yakaja nacho. Mwanaume anaweza kumwibia mwanamke baba yake mzima mzima, lakini hawezi kuandika uongo kwenye lebo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa ni mama.

"Mwanangu, hao wageni wa Jumamosi ni wangapi? Shangazi yako anasema wanane, mimi nilisikia kumi, sasa viti..."

"Mama, baba alikuwa anakuja kwangu."

"Nini?"

"Ile Jumapili. Shati na viatu. Alikuwa anakuja kwangu. Aliandika barua, mama. Ilikuwa kwenye gari."

Nilisikia kitu kinawekwa mezani upande wa pili. Kisha nikasikia anavuta pumzi kama anayenyanyua mzigo.

"Alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile," alisema. "Nikamuuliza, unakwenda kuoa? Akaniambia, nakwenda kugombezwa." Sauti ikamkatika. "Anasemaje? Nisomee."

"Nakuja nayo. Na mama... hao wageni waambie wasije."

"Wasije kwa nini? Kuna nini? Karani ana nini?"

"Nitakueleza nikifika."

Nilikata simu. Karani alikuwa ameegemea boneti, mikono imemlegea, anaitazama rangi ile ya maziwa aliyoipiga msasa kwa siku arobaini. Usoni alikuwa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Usifanye hivi," alisema. "Nitupie maneno yote, nitukane, niache nikae mwaka mzima nakuomba radhi. Lakini usifanye hivi kwa hasira."

Nilichukua bisibisi yake kwenye ukuta, nikatoa kioo kidogo kwenye kifuko, nikaingia kwenye gari. Matundu mawili ya skrubu alikuwa ameyaziba kwa ustadi, lakini mimi nilijua yalipo. Nikayatoboa upya.

"Mkaguzi yuko hapa kesho," alisema kutoka nje, na nilisikia ile sauti ya fundi inapigana na sauti ya mchumba. "Akikiona hicho, cheti hakuna. Tumefanya kazi miezi kumi, Sindano. Si cha kiwandani."

"Baba yangu pia hakuwa wa kiwandani."

Nikakaza skrubu mpaka mkono ukauma. Kisha nikakipandisha kiti cha nyuma mahali pake, na tundu lake moja lisilo na kifungo. Karani alinisaidia kukisukuma bila kuambiwa. Mabega yetu yaligusana. Alinukia sabuni. Nilifumba macho, nikahesabu mpaka tatu, nikayafumbua.

Pete ilikataa kutoka mara ya kwanza. Kwenye kiungo cha kidole ilikwama, naye akaniambia, "Iache, basi, ni ishara hiyo." Nikailowesha mate, ikatoka.

Nikachukua kifuko kipya kwenye boksi lake. Nikaitia pete ndani. Nikamsogelea, nikanyoosha mkono, nikaitoa kalamu juu ya sikio lake, na kwa sekunde ile alifumba macho, akidhani namshika shavu. Nikaandika kwenye lebo.

*Pete moja. Kidole cha mkono wa kushoto.* Nikaandika tarehe. Nikafunga uzi kwa fundo langu la kazi, lile lisilofunguka, nikampa.

Akaisoma. Sikutarajia asome, lakini mazoea ni mazoea. Midomo yake ilipita juu ya kila mstari, ikasimama.

"Hujaandika hali," alisema polepole.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayesema ukweli kwenye lebo."

Gari liliwaka mara moja, bila kukohoa. Alilifanyia kazi nzuri, hilo simnyimi. Barua nilikuwa nimeichomeka pale pale baba alipoiweka, juu ya kiti cha abiria. Nilitoka gerejini pole pole, magurudumu hayana vifuniko, macho yangu hayaoni vizuri, na kwa mazoea ya utotoni nikainua uso kwenye kile kioo kidogo.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nyuma yake, kwenye dirisha, Karani alikuwa amesimama mlangoni na kifuko mkononi. Alikuwa anapapasa sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha shingoni, anatafuta kalamu.

Nilikuwa nayo mimi.